Siku Shangazi Aliposuka Nyaya

Saluni ya shangazi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mlango wake haukufungika mpaka uunyanyue kidogo kwa goti, ndiyo maana sote tuliokaa mle tulikuwa na doa la rangi ya bluu kwenye nguo, palepale gotini. Ndani kulikuwa na viti viwili vya plastiki, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona ya chini, na kistuli cha mbao ambacho mteja hakuruhusiwa kukikalia hata saluni ijae vipi. Kistuli kile kilikuwa cha Redio.

Redio ni binti wa shangazi. Jina lake halisi analo, lakini tangu alipoanza kuunganisha maneno hakuna aliyelikumbuka. Alikaa pale na mwanasesere wake asiye na mkono mmoja, ungedhani yuko mbali, kumbe anameza kila neno. Kesho yake analitangaza upya, tena mbele ya mtu ambaye hakutakiwa kulisikia.

"Mama Duka amesema wewe ukicheka unafanana na mbuzi," alimwambia siku moja mteja aliyekuwa ameinamisha kichwa anasukwa.

Mama Duka, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amekaa kwenye kiti cha pili akisubiri zamu yake. Aligeuka akautazama ukuta kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Shangazi hakusimamisha vidole. Alisema tu, "Na huo ndio mwisho wa taarifa ya habari." Watu wakaangua kicheko, na yule mteja naye akacheka, na kweli jamani, mbuzi mtupu.

Mimi nililetwa kwa shangazi, dada yake baba, nilipoachia shule darasa la nne. Sikuwa msemaji. Nilitenganisha uzi wa kusukia, nikashika kioo cha nyuma mteja ajione kisogo, na muda uliobaki nilitazama. Shangazi alikuwa mwembamba, mrefu wa vidole, na alikuwa na mazoea ya kubana chanuo kwa meno huku akiongea. Wageni walimwomba arudie. Sisi wa nyumbani tulishazoea kuyapokea maneno yake yakiwa yamepita kwenye chanuo.

Watu walimfuata kwa misuko, lakini walimfuata zaidi kwa sababu mkono wake ulikuwa unalaza. Mtu anaingia amekunja uso, mume kamuudhi, mwenye nyumba kamuudhi, hajalala vizuri tangu juzi. Shangazi anapasua njia ya kwanza, ya pili, na kabla hajafika utosini mtu anakoroma. Wapo waliokuja na nywele ambazo bado hazijachakaa, wakasema wanataka kubadilisha mtindo. Tulijua wamekuja kulala.

Na aliyelala kuliko wote alikuwa Redio. Jumamosi jioni, wateja wakishaondoka, shangazi alimkalisha katikati ya magoti yake. Redio anaanza kusimulia: kuku wa jirani, mtoto wa shule aliyejikojolea, jinsi Mama Duka anavyopima sukari. Anaendelea, anaendelea, sauti inaanza kuburuza miguu, halafu inakatika katikati ya sentensi. Shangazi anamaliza kusuka kichwa kilichomlalia pajani. Hadi leo nikisikia mvua ndogo kwenye bati wakati wa jioni nangoja ile sauti inayofifia.

Ilipotea pole pole, ndiyo maana hatukuona. Kwanza akawa anajibu kitu ambacho hujamuuliza. Unamwambia lete kichana, anakuletea ndoo. Halafu akawa hageuki ukimwita. Maneno yakaanza kumponyoka, yale makubwa kwanza, baadaye hata ya kila siku, mpaka likabaki "mama" peke yake. Halafu na hilo likaenda. Alikuwa ameanza shule miezi ile. Mwalimu wake alikuja mwenyewe hadi saluni akasema kwa upole, "Mama, mtoto hasikii."

Shangazi akampeleka kwa daktari wa masikio. Wakamvisha vipokea sauti, wakampigia milio. Akageuka kwa kila mlio. Daktari akasema masikio ni mazima.

Tukarudi nyumbani tumechanganyikiwa zaidi. Shangazi alisimama nyuma yake akaita jina lake. Kimya. Akaita kwa nguvu. Kimya. Akachukua chanuo akagonga kistuli, ko-ko. Redio akageuka, akatabasamu. Kuanzia siku ile jina lake likawa ko-ko. Ukimtaka, unagonga. Nyumba yetu, ambayo ilikuwa na kelele za kutosha mtaa mzima, ikawa nyumba ya kugongagonga mbao.

Wateja nao walikuwa na yao. Wapo waliosema anajifanya. Wapo waliosema ni ukaidi, achapwe. Lakini neno lililomchoma shangazi lilitoka kwa mama mkwe wake, aliyekuja kutusalimia akakaa na kumtazama Redio siku nzima. Alipoaga mlangoni akasema, "Mkono wako huo, mkwe. Umemlaza mtoto mpaka ulimi."

Shangazi alicheka, chanuo mdomoni. Lakini Jumamosi ile hakumsuka Redio. Alinipa mimi nimsuke. Na wateja wawili watatu wenye watoto wadogo wakaanza kusuka kwingine.

Mume wa shangazi tulimwita Dereva, kwa kuwa alikuwa dereva wa lori la masafa marefu na nyumbani alikuja kama mgeni, na zawadi. Zamani alikuwa akipiga simu jioni, Redio anainyakua, anampa habari zote mpaka salio linakwisha. Sasa shangazi alimwekea simu sikioni, na Redio aliitazama kama kitu kinachonguruma. Dereva alisema, "Haloo, mwanangu. Haloo," halafu tukasikia injini yake tu.

Hakuwa mtu mbaya. Alitafuta akapata shule ya bweni ya watoto viziwi, safari ya siku nzima kutoka kwetu. Alisema huko watamfundisha kuzungumza kwa mikono.

"Lakini si kiziwi," shangazi alimwambia. Simu ilikuwa na kipaza sauti, nilisikia yote.

"Basi ni nini?"

"Sijui. Kuna kitu amepoteza. Ukishampeleka huko, nani atakitafuta tena?"

"Kipige picha basi hicho kichwa," Dereva akasema. "Kikionekana kitu, atibiwe. Kisipoonekana, shule ikifunguliwa anakwenda. Mke wangu, hawezi kukaa tu kwenye kistuli."

Wakakubaliana hivyo. Tangu siku ile mimi na shangazi tulikuwa tunaomba jambo ambalo watu hawaombi: mtoto aonekane mgonjwa.

Hospitali kubwa ilikuwa mjini, mwendo wa basi la alfajiri. Walisema mashine ya picha ni ya sumaku, asije na chuma chochote kichwani. Shangazi alikuwa na woga hata na kibanio. Akamfumua Redio nywele zote akaziacha hivyo hivyo, timtim. Kwenye benchi la kusubiri, mama mmoja aliyevaa vizuri akamuuliza shangazi anafanya kazi gani.

"Msusi," shangazi akajibu.

Yule mama akakitazama kichwa cha Redio. "Aa," akasema.

Hilo tu. Lakini nilimwona shangazi akimvuta mtoto karibu na kumfunika nywele kwa kiganja.

Redio alipewa dawa ya kumlaza, akaingizwa kwenye ile mashine kama mkate kwenye tanuri. Ilikuwa inapiga kelele kama mafundi seremala waliogombana. Sisi tulitazama kupitia dirisha la kioo, tukaona nyayo zake mbili tu.

Daktari wa kichwa alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani aliyoisukuma juu kila baada ya maneno machache. Aliweka picha kwenye ubao wenye taa.

"Habari ni njema, mama. Picha ni safi. Hakuna uvimbe, hakuna damu, hakuna kovu."

Mama mwingine angeshukuru. Shangazi alisema, "Umeangalia vizuri?"

Daktari akashangaa kidogo.

"Angalia tena, mwanangu. Tafadhali. Labda kwa huku pembeni."

Daktari akavuta kiti akakaa. Akasema picha ile ni kama nyumba iliyopigwa picha mchana kutoka nje. Unaona kuta zimesimama, paa lipo. Huoni kama huko ndani taa zinawaka na kuzimika ovyo. Akauliza kama mtoto huwa anaanguka, anatetemeka, anatoa povu. Shangazi akasema hapana, hajawahi.

"Na akilala?"

Shangazi akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyelala na Redio kitanda kimoja.

"Kabla ya kucha mdomo wake huwa unavutwa," nikasema. "Upande mmoja. Kama anataka kucheka halafu anaghairi."

Daktari aliisukuma miwani juu akanitazama. Halafu akamwambia shangazi kuwa anataka kuuona ubongo wa Redio ukiwa usingizini. Watambandika nyaya kichwani, mashine itachora mistari, na mtoto itabidi alale mwenyewe, bila dawa, kwa kuwa dawa inaweza kuibadilisha mistari. Kwa hiyo aje amechoka. Alale amechelewa, aamshwe mapema, asisinzie njiani.

"Na vyuma?" shangazi akauliza.

"Hii haina shida na vyuma," daktari akasema.

Jioni ile Dereva alipopigiwa, alisema picha ikiwa safi basi imekwisha, na kwamba sanduku la shule ameshalinunua, jekundu.

"Imebaki moja," shangazi akasema. "Hiyo nayo ikiwa safi, nitampakia hilo sanduku kwa mikono yangu."

Sasa sikia alichokifanya shangazi. Siku moja kabla ya safari aliwaambia wateja wasije. Akamkalisha Redio katikati ya magoti yake, mara ya kwanza tangu lile neno la mama mkwe, akamsuka. Si msuko wa kwenda shule. Mistari myembamba kama uzi wa cherehani, ikizunguka kutoka sikio hadi sikio na kupanda juu kama kikapu. Mimi kazi yangu ilikuwa kumfinya Redio asilale. Shangazi akamaliza kwa mafuta, akayasugua mpaka ngozi kati ya mistari ikang'aa. Mama Duka akavuka barabara kuja kuona.

"Mwenzangu, unampeleka hospitali au harusini?"

"Nampeleka kwa watu," shangazi akasema.

Yule mama wa "Aa" hakuwa na habari kuwa msuko ule ulisukwa kwa ajili yake.

Safari ya kesho yake siipendi kuikumbuka, ila nitaisema. Mtoto anayeelewa maneno unaweza kumwambia, vumilia, usilale, tutafika. Redio hakuwa na maneno. Alichokijua ni kuwa ana usingizi, na mimi, niliyekuwa nikimfunika blanketi kila siku, ninampangusa uso kwa kitambaa cha maji na kumtekenya nyayo. Alilia, akaninyooshea mikono, halafu akachoka hata kulia. Abiria mmoja akaniita katili.

Chumba cha nyaya kilikuwa kidogo, mwisho wa ukumbi, na kitanda kimoja, pazia, na mashine yenye kioo kama televisheni. Aliyekuwa akiiendesha alikuwa mzee wa makamo, mcheshi, koti lake limejaa kalamu. Mimi nilimwita moyoni Fundi Nyaya. Alikuwa na mtoto mwingine ndani, akatoka mara moja kutuona. Shangazi alivua mtandio wa Redio taratibu, kama mtu anayefunua sahani mbele ya wageni.

"Loo," Fundi Nyaya akasema. "Nani amemsuka?"

"Mimi, kaka."

"Sijawahi kuona kichwa kizuri hivi humu ndani." Akagusa mstari mmoja, akaangalia ncha ya kidole inavyong'aa. "Na yote itabidi ifumuliwe."

Shangazi akakifunika kile kichwa kwa kiganja.

"Gundi yangu haishiki kwenye mafuta, dada. Na vidude vyangu vinatakiwa vikae kwenye ngozi, hapa, hapa, hapa. Hapa umenijengea ukuta. Hawakuwaambia?"

"Walisema vyuma havina shida."

"Vyuma, ndiyo." Akajikuna shingo. "Basi niwapangie siku nyingine. Mwezi ujao katikati."

Mwezi ujao katikati shule ingekuwa imeshafunguliwa. Nilimtazama shangazi nikaona anajua ninachojua. Alimshika Fundi Nyaya mkono wa koti.

"Kaka, huyo aliye ndani atachukua muda?"

"Kiasi."

"Akitoka, utatukuta tumemaliza."

Fundi Nyaya alitazama kile kichwa, akaonyesha sinki la mwisho wa ukumbi. "Sabuni ile pale. Lakini jambo moja: asilale kabla sijambandika. Usingizi huu mmekuja nao kwa shida, akiutumia hapa benchi, ndani hatalala tena."

Shangazi akakaa, akamweka Redio katikati ya magoti, akaanza kufumua. Mstari wa kwanza haujaisha, kope za Redio zikashuka. Nikampuliza usoni. Akafumbua, shangazi akagusa mstari wa pili, kichwa kikaanguka.

"Shangazi, mikono yako," nikasema.

Akaitazama. Halafu akaitoa kichwani kwa mtoto akaiweka mapajani kwake, viganja juu. Nilikuwa sijawahi kuiona imekaa bure. Tulikuwa na saluni nzima kichwani pale, na msusi peke yake ndiye hakuruhusiwa kugusa.

Kulikuwa na mama mmoja kwenye benchi, mnene, na mtoto wake mgongoni, alikuwa anatusikiliza muda wote bila kuona haya. "Nipe mimi," akasema. "Mimi mkono wangu hata maiti hawezi kulala." Akachomoa sindano ya nywele kutoka kwenye mfuko wake, akaanza upande wa kushoto, mimi upande wa kulia. Na kweli hakudanganya. Alivuta, akachokoa, Redio akapiga kelele ukumbi mzima ukageuka.

"Mpole, dada, mpole," shangazi akamsihi.

"Nikiwa mpole atalala! Wewe mchekeshe huko mbele."

Basi shangazi akapiga magoti mbele ya mwanawe kwenye sakafu ya hospitali. Akajaza mashavu upepo, akajifanya chura, akajifanya Mama Duka anapima sukari, akagonga chanuo kwenye benchi, ko-ko, ko-ko, kila zile kope ziliposhuka. Machozi yanamtoka na mashavu yamejaa upepo. Redio alilia akacheka, akalia akacheka. Tukamwosha kwa maji ya baridi mpaka mafuta yakaisha. Mlango ulipofunguliwa, kichwa kilikuwa kimefumuka chote, timtim kuliko siku ile ya kwanza, na shangazi hakukifunika.

Fundi Nyaya alipima kwa utepe, akaweka alama kwa penseli ya nta, akapasua nywele kwa ncha ya kichana na kubandika vidude vyake vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja na waya wake, wa njano, wa kijani, wa zambarau. Alipomaliza, Redio alikuwa na mkia wa nyaya umelala juu ya mto. Mashine ikaanza kuchora. Mistari ilikwenda laini, midogo midogo.

"Safi," Fundi Nyaya akasema, na mimi nikalikumbuka lile sanduku jekundu.

"Alale sasa," akaongeza.

Lakini sasa Redio hakutaka. Maji ya baridi, mama mnene, nyaya, kila kitu kilikuwa kimemwamsha. Aligeuka huku, akageuka kule, mkono ukipanda kichwani kuzing'oa. Shangazi alimshika mkono, akambembeleza miguu. Fundi Nyaya aliangalia saa ya ukutani, baadaye akaiangalia tena. Nje mtu mwingine alishaanza kugonga.

Mkono wa shangazi ukaenda wenyewe kuelekea kichwani.

"Kichwa usiguse, dada."

Ukarudi. Ukakaa kidogo. Halafu akauliza, "Na hizi?" Alikuwa anaonyesha nyaya.

Fundi Nyaya akafikiri. "Hizo... Kwa kweli huwa nazifunga pamoja zisichezecheze, zikicheza zinaniharibia mistari. Haya, suka. Lakini usivute."

Shangazi akahamia kichwani mwa kitanda. Akazikusanya zile nyaya pale zilipokutana juu ya mto, akazigawa mafungu matatu, akaanza kuzisuka. Alisuka kama anavyomsuka mtoto mchanga, bila uzito. Sijui Redio alihisi nini. Labda kule kutikisika kudogo kwenye ngozi, labda harufu ya mikono yenyewe. Mkono wake uliokuwa unapanda kung'oa ulishuka kifuani. Pumzi ikawa ndefu. Midomo yake ikacheza kidogo, kama zamani alipokuwa bado ana habari za kumalizia. Akalala.

Na mistari ikasimama wima.

Siwezi kuieleza vingine. Ile midogo laini ilipotea, ikaja mingine mirefu, yenye ncha, imebanana kama meno ya chanuo, ikaja, ikaja, haikupumzika. Fundi Nyaya aliacha kutania. Akasogea karibu na kioo, halafu akafungua mlango akamtuma mtu akamwite daktari.

Daktari alikuja amevaa kiatu kimoja vibaya, kwa haraka. Aliitazama ile mistari, akasukuma miwani juu.

"Hii hapa," akasema. "Mama, hii ndiyo."

Alituonyesha kwa kalamu. Akasema ni kifafa, lakini cha aina ambayo watu wengi hawaijui, hakimwangushi mtoto. Yeye mwenyewe alikuwa amekiona mara moja tu alipokuwa masomoni. Kinakuja usingizini, kinapiga sehemu ya ubongo iliyo juu ya sikio, ile inayopokea maneno, kinaipiga kama radi mpaka asubuhi. Mtoto anaamka, masikio yanasikia, lakini ile sehemu imechoka, haitambui tena neno ni neno.

"Kwa hiyo si mkaidi," shangazi akasema. Bado alikuwa ameshika mwisho wa msuko.

"Hapana."

"Na si kiziwi."

"Hapana, mama."

Shangazi aliutazama ule msuko. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo karibu nisingeisikia, "Umesema kinakuja akilala. Mimi ndiye ninayemlaza. Tangu mchanga."

Daktari hakuwa anajua habari za mama mkwe, lakini alielewa kuna kitu. Aliinama akaitazama ile mikono.

"Kingekuja hata angelala peke yake," akasema. "Leo usingemlaza, tusingekiona."

Shangazi aliondoka pale kitandani akaenda kusimama dirishani, akatupa mgongo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Fundi Nyaya akajifanya anatafuta kalamu, naye alikuwa nazo koti zima.

Nje, kwenye ngazi, alimpigia Dereva. Alisema neno moja tu: "Imeonekana."

Injini ilinguruma kwa muda. Halafu Dereva akasema, "Nguo nimeshaweka kwenye sanduku. Nizitoe?"

"Zitoe," shangazi akasema. Na wote wawili wakalia kwenye simu, huku sisi tukiwa tumesimama juani na Redio amelala mgongoni kwangu, gundi imemkauka kichwani.

Baadaye walimpiga picha nyingine, ya rangi, inayoonyesha ubongo unakula wapi sukari, na pale pale juu ya sikio rangi ilikuwa tofauti na kwingine. Daktari alieleza lakini hakuahidi. Alisema dawa zinaweza kuituliza ile radi. Maneno yanaweza kurudi, yote au nusu, au machache, na hajui lini.

Dawa zilimvimbisha Redio mashavu, zikampa njaa na hasira za mtu mzima. Lile sanduku jekundu lilikuja nyumbani tupu, likawa la kuwekea uzi wa kusukia. Ile picha ya kwanza, ile safi, shangazi aliibandika kwenye dirisha la saluni ili mwanga upite. Mama Duka aliitazama siku nzima. "Mwenzangu, hiki ni kichwa au kabichi iliyopasuliwa?" Shangazi akamjibu, "Ni kabichi, lakini imekusikia."

Mama mkwe alikuja akaitazama pia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akavua kitambaa chake cha kichwa. Shangazi akamsuka, na kabla hajafika utosini mzee alikuwa anakoroma.

Sasa Redio ni mkubwa, yuko shule, madarasa mawili nyuma ya wenzake. Anaongea. Maneno yake huja yamepangwa mstari, moja moja, na mengine huyatafuta kwa mkono hewani mpaka tumsaidie. Habari za watu hatangazi tena. Mimi ndiye ninayezikumbuka, na wakati mwingine ninatamani angalau mara moja amwambie mtu anafanana na mbuzi.

Lakini ile siku ya kwanza naijua. Ilikuwa Jumamosi jioni, miezi ya dawa imeshapita mingi, wateja wameondoka, Redio yuko kati ya magoti. Shangazi, chanuo mdomoni, alikaza mstari wa karibu na sikio, mahali penye maumivu.

"Polepole," Redio akasema.

Nilidhani ni mimi niliyewaza. Shangazi hakusimama. Vidole viliendelea vile vile, kana kwamba vikisimama neno litakimbia. Chanuo tu ndilo lilianguka sakafuni, ko. Akanitazama, nami nikamtazama. Halafu, mbele ya macho yangu, mwanamke yule ambaye mkono wake haujawahi kumuumiza mtu alishika mstari uliofuata, akauvuta kwa makusudi.

"Polepole, mama!"

"Samahani, mwanangu," shangazi akasema. Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono, akavuta tena.